Chumvi Hapana

Asubuhi ile buti zilikataa. Yahaya alilegeza kamba zote, akasukuma, akapiga kisigino chini mpaka binti yake Tabu akaamka na kuanza kulia, lakini miguu ilikuwa imejaa, na buti za reli hazikushonwa kwa miguu ya namna ile. Huko nje genge la njia lilikwisha panda kiberenge, na nyapara alikuwa akiita majina kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kumgombeza. Mwisho Yahaya alizitia buti kwapani akatoka pekupeku.

"Mwenzetu anakwenda kuswali?" nyapara aliuliza, na watu wakacheka. "Na huo uso? Nyuki au pombe?"

Yahaya naye akacheka. Mwanne, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni, mimba yake kubwa mbele na Tabu mgongoni, na kicheko kile cha mumewe kilimuuma kuliko maneno ya nyapara. Mtu mzima, ambaye stesheni yote ya Zuzu ilikuwa ikimwita reli ikipinda kwa jua, anacheka ili asichekwe peke yake.

"Panda treni ya mchana uende mjini kwa daktari," nyapara alisema, safari hii bila mzaha. "Uje na cheti. Reli haimlipi mtu kwa kunenepa."

Yahaya hakuwa amenenepa. Mwanne alijua, maana ndiye aliyemsugua mgongo na kuhesabu mbavu zake kwa vidole. Asubuhi macho yalikuwa hayafunguki kwa uvimbe, jioni uvimbe umeteremka miguuni, na ukimbonyeza juu ya kifundo shimo lilibaki pale likikutazama. Mkojo wake ulikuwa mchache na wenye povu. Kwa muda mrefu waliambiana kwamba ni uchovu, ni jua, ni maji ya kisima cha Zuzu. Watu wawili wakipendana husaidiana hata kudanganyana, na hawa walipendana tangu Kondoa, kabla reli haijawaleta huku Ugogoni.

*

Daktari aliyewapokea aliitwa Chandrakant. Alikuwa mtoto wa Lalji mwenye duka, amezaliwa nyuma ya duka hilohilo la baba yake pale Dodoma mjini, akapelekwa Bombay kusoma, akarudi na koti jeupe na Kiswahili kilekile cha kwenye kaunta. Hakuwa mtu mbaya. Heri lisemwe mapema, maana katika habari kama hii watu hupenda kumtafuta mbaya, na hapa hayupo. Kulikuwa na Mwingereza juu yake aliyekuja kuzunguka wodi mara mojamoja, na kulikuwa na baraza lililojaa watu tangu alfajiri, na katikati ya hayo mawili alikuwepo yeye na wauguzi wachache.

Yahaya alipewa gilasi akaambiwa akojoe nyuma ya pazia ambalo halikufika chini. Watu barazani walisikia kila tone, na matone hayakuwa mengi. Alitoka ameinamisha kichwa, gilasi ameificha kwa kofia. Daktari akamimina kidogo ndani ya kichupa chembamba, akakishika juu ya taa ya spiriti. Mwanne aliona maji yale yakichemka, kisha yakaganda meupe, mazito, kama ute wa yai kwenye kikaango.

"Figo," daktari alisema. "Zote mbili iko mgonjwa."

Mwanne alizijua figo. Alikuwa amezitoa kwenye mbuzi wengi, mbili ndogo zilizofunikwa na mafuta, watoto huzigombania. Hakuwahi kujiuliza mbuzi anazifanyia nini.

"Dawa yake?" Yahaya aliuliza.

"Bora wewe lala hapa hospitali."

"Nina kazi, bwana daktari. Na mke wangu yuko hivi unavyomwona. Nipe dawa nikalale nyumbani."

Daktari alimtazama Mwanne, akaona ni huyu ndiye wa kuzungumza naye. Akakunja vidole vyake mbele ya uso wake, kimoja kimoja, kama anavyohesabiwa mteja vitu vyake. "Mama, sikia. Moja, huyu lala, hapana kazi. Pili, nyama kidogo sana, maji kidogo. Tatu, hii kubwa kupita yote: chumvi hapana. Chumvi hapana kabisa. Hata kidogo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Chumvi hapana kabisa," Mwanne alisema, na ndani ya treni ya kurudi aliendelea kuyasema moyoni kila gurudumu lilipogonga kiungo cha reli. Alifurahi, masikini. Alikuwa ameogopa kuambiwa jambo asiloliweza, na hili aliliweza.

*

Siku hiyohiyo alilitoa kopo la chumvi jikoni akampelekea jirani yake Raheli, mke wa fundi mwingine wa njia.

"Mbukwa, Raheli," alimsalimu kwa Kigogo. "Chukua hii. Daktari kamkataza Baba Tabu chumvi."

Raheli alikuwa Mgogo wa Bahi, mwanamke wa kanisani, mwenye mikono mikubwa na huruma kubwa zaidi. Akalipokea kopo, akalitikisa. "Hii yote? Mama Tabu, na yeye atakula nini? Ugali na mlenda uliopooza? Mgonjwa asipokula ndiyo kwisha."

"Amesema hata kidogo. Kabisa."

"Basi chumvi asile." Raheli akaingia ndani akarudi na kifurushi cha majani makavu kilichofungwa kwa kamba ya mkonge. "Mtilie munyu. Huu kauchemsha mama yangu mwenyewe kule Bahi. Hauna mambo ya dukani ndani yake."

Asiyekaa nchi ile atasema hawa wanawake walikuwa wajinga, na atakuwa amekosea. Chumvi, kwa watu wa pale, ilikuwa ile nyeupe iliyokuja na treni ndani ya magunia kutoka pwani, ikapimwa kwa kikombe na Mhindi. Munyu ulitoka ardhini kwao. Kiangazi maji ya bwawa la Bahi yakikauka, wanawake walikwangua udongo wa juu, wakautia kwenye chungu chenye matundu, wakamwagia maji, na yale yaliyodondoka chini wakayachemsha mpaka pakabaki unga wa kijivu. Bibi zao waliutumia kabla hawajamwona Mhindi wala Mjerumani wala Mwingereza. Chumvi na munyu yalikuwa majina mawili ya vitu viwili, na daktari alikikataza kimoja.

Mwanne akapika. Yahaya alikuwa amekwisha kata tamaa ya ladha, lakini alipotia tonge mdomoni alimwangalia mkewe kwa mshangao.

"Si ulisema chumvi hakuna?"

"Hakuna. Huo ni munyu wa Raheli."

"Mungu ambariki Raheli," Yahaya alisema, akamaliza sahani, na Mwanne akamtilia tena.

Alimlisha hivyo kwa majuma mengi. Nyama alimnyima, maji alimpimia, kitandani alimzuia kwa maneno makali na machozi. Kila uvimbe ulipozidi, aliona mumewe anakosa nguvu, na kila alipokosa nguvu alimpikia vizuri zaidi, akaongeza kijiko. Nyapara alipita mara mbili kuulizia cheti, mara ya pili akatazama kota ile ya reli jinsi mtu anavyotazama nyumba anayotaka kumpa mwingine. Upepo wa kiangazi ukawa unapuliza vumbi jekundu mpaka ndani ya chungu. Miguu ya Yahaya ikapasuka ngozi na kuvuja maji, kisha tumbo likajaa, na siku moja akaamka hawezi kuvuta pumzi isipokuwa ameketi.

*

Hospitalini walimlaza kitanda cha karibu na mlango, ambako ndiko walikowekwa wale wa kutazamwa. Walimchoma sindano ya kumtoa maji, wakamtoboa miguuni kwa vibomba vidogo, na maji yakadondoka ndani ya beseni usiku na mchana. Mdomo wake ulinuka mkojo. Mwanne alilala chini ya kitanda kwenye kanga yake, Tabu amemwacha kwa Raheli.

Daktari Chandrakant alimwita barazani. Alikuwa amekasirika, na hasira yake alijaribu kuifunika.

"Mama, mimi nilisema nini?"

"Alale. Nyama kidogo, maji kidogo. Chumvi hapana kabisa."

"Na wewe umefanya?"

"Wallahi nimefanya. Kopo nilitoa siku ileile. Muulize yeye mwenyewe."

Daktari akasugua macho. Pengine alifikiri hakueleweka, pengine alitaka tu kumweleza mtu mmoja jambo moja siku ile likaeleweka. Akaketi ukingoni mwa baraza, jambo ambalo madaktari hawakulifanya mbele ya wagonjwa weusi, akaanza upya.

"Figo ni chujio. Damu inapita, uchafu na maji zaidi na chumvi zaidi inatoka na mkojo. Hii chujio ya Yahaya imeziba. Sasa chumvi ikiingia haina njia ya kutoka. Inakaa. Na chumvi inavuta maji, maji nayo inakaa. Ndiyo hii unaona. Umefahamu chujio?"

Uso wa Mwanne ulifunguka. Kwa mara ya kwanza tangu buti zilipokataa alielewa kitu mpaka chini yake. "Nimefahamu, bwana daktari. Kama wanavyochuja munyu kule Bahi. Udongo unabaki juu, yale yenyewe yanashuka."

"Munyu ni nini?"

"Munyu. Wa kuungia mboga. Ndio ninaomtilia badala ya chumvi."

Daktari alizaliwa Dodoma, aliuza chumvi kwa kikombe tangu kimo chake hakijafika kaunta, lakini munyu haukupata kupita kwenye kaunta ile, maana nani angenunua kwa Mhindi kitu ambacho mama yake anakichemsha nyumbani?

"Unao hapa?"

Alikuwa nao, umefungwa kwenye pindo la kanga, kwa ajili ya uji wa hospitali. Akaufungua. Daktari akachovya kidole, akatia ulimini. Kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Mama," alisema polepole, "hii ni chumvi."

"Hapana, bwana daktari. Chumvi ni ya dukani."

"Ni chumvi. Ileile. Jina tu." Akaona mwanamke bado hajashika, akachovya tena, akamnyoshea kidole chenye unga wa kijivu. "Figo haijui jina."

Mwanne aliutazama unga ule. Alitaka kukataa, alitaka kusema kwamba huu umechemshwa na mama yake Raheli mwenyewe, lakini ulimi wake ulikuwa unaujua munyu na unaijua chumvi, na sasa ulimi ukamwambia kile ambacho siku zote ulikuwa unakijua. Akaketi chini. Mtoto tumboni akageuka, naye akamshika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukabaki wazi hewani na munyu ndani yake.

"Nimemuua," alisema.

"Hapana. Figo ilikufa kabla. Ulipokuja hapa siku ya kwanza, ilikuwa karibu kwisha."

"Lakini munyu umemsukuma."

Daktari angeweza kudanganya. "Umesukuma," alisema.

"Kiasi gani?"

"Hapana jua, mama. Mimi hapana jua."

Jibu hilo alilibeba maisha yake yote. Angeambiwa mwaka, angelia mwaka. Angeambiwa mwezi, angelia mwezi. Aliambiwa hapajulikani, na kilio chake kikakosa mahali pa kuishia.

*

Kesho yake alimfuata daktari tena, macho makavu, akataka kujua njia zilizobaki. Daktari alimheshimu kwa hilo. Akamweleza barazani pale pale, bila kumficha.

"Dar es Salaam naweza kumwandikia treni. Lakini huko watafanya hivihivi: sindano, vibomba, chakula bila chumvi. Ulaya iko mashine, inatoa damu, inaisafisha, inarudisha. Chache sana, na inatumika kwa figo iliyolala, ipate kuamka. Hii ya Yahaya hailali, imekufa."

"Na kuwekewa nyingine?"

Daktari alishangaa. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nauliza tu. Mimi ninazo mbili. Mbuzi anazo mbili, na mimi nadhani ninazo."

"Iko mmoja Amerika," daktari alisema. "Nimesoma juzijuzi kwenye gazeti la madaktari. Ndugu alimpa ndugu. Lakini walikuwa pacha, mama, pacha kabisa, tumbo moja na sura moja. Ya mtu mwingine mwili unaikataa."

"Mimi na yeye tumeishi pamoja miaka mingi," Mwanne alisema, kama kwamba hilo lingesaidia. Alijua halisaidii. Alitaka tu liwe limesemwa.

Halafu daktari akamweleza lile la mwisho, na akamshika mkono ili alisikie. Kuponya hakuna. Lakini Yahaya akikaa hapa, akila bila chumvi wala munyu wala magadi, akipimiwa maji, uvimbe utapungua na siku zitaongezeka. Labda mpaka mvua. Labda mtoto azaliwe, amwone, ampe jina. "Ila akija mtu akasema twende kwa mganga amharishe, ampige chuku ya kumtoa damu, maji yatoke, wewe kataa. Akiharishwa atakufa haraka. Hana damu ya kutosha, moyo umechoka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

Akayasema. Safari hii hakuacha neno hata moja lipite bila kuulizia maana yake.

Na uvimbe kweli ukapungua. Mwanne alimpikia kwa mkono wake nyuma ya wodi, uji wa uwele na mboga ya maji matupu, na Yahaya akavigeuza kwenye bakuli kama mtu aliyepewa udongo. "Hata munyu hakuna?" aliuliza. "Raheli kakasirika?" Mwanne akasema umekwisha, Bahi hawajachemsha. Yahaya akaomba, akabembeleza, akamfokea mkewe mbele ya wodi nzima, yeye ambaye hakuwahi kumfokea, na mzee wa kitanda cha pili akasema kwa sauti kwamba mwanamke mwenye mimba huwa mchoyo. Kumwambia mumewe kwa nini, hakuweza. Kila asubuhi alijiandaa kumwambia, na kila asubuhi Yahaya alimtazama kwa macho ya mtu anayemtegemea, naye akaahirisha.

*

Bashiri, kaka yake Yahaya, alifika kutoka Kondoa juu ya lori la mfanyabiashara mmoja Mhindi, lililobeba magunia ya mahindi. Alikuwa mkulima wa milimani, mtu wa haki, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Alipomwona mdogo wake alisimama mlangoni, kofia mkononi, akalia waziwazi, kisha akafuta machozi akaanza kuuliza.

"Daktari yuko wapi?"

Daktari alikuwa amesafiri kwenda Kibakwe kuwachanja watu ndui. Alikuwepo muuguzi wa zamu, na Bashiri akamkabili. "Ndugu yangu anapewa dawa gani?"

"Sindano tumesimamisha. Sasa ni chakula na kupumzika. Daktari amesema dawa hakuna."

Alikuwa anasema kweli, na alimaanisha kwamba ugonjwa huu hauna wa kuuponya. Bashiri alisikia kwamba hospitali imeishiwa. Si kosa lake. Zahanati ya kwao ilipoishiwa dawa, waliambiwa maneno hayohayo, na mtu mwenye akili akaenda mahali penye dawa.

"Basi mnamkalisha hapa afe kwa njaa," Bashiri alisema. "Shemeji, amekula nini leo?"

"Uji."

"Una nini ndani?"

"Hauna kitu. Daktari amekataza chumvi."

"Mgonjwa! Uji mtupu! Hata mfungwa hatiliwi mtupu." Akamgeukia mdogo wake, sauti ikalainika. "Yahaya, kule Kolo yuko fundi, umemsikia. Anapiga chuku, anatoa dawa ya kuharisha, mtu anashuka maji yote siku moja. Mke wa mwalimu wa madrasa alivimba kuliko wewe, leo analima. Lori linarudi kesho. Mama anakulilia. Twende nyumbani."

Yahaya aliegemea mto wake. Uso wake ulikuwa umepungua uvimbe, na kwa hiyo ulionekana wa mtu mzee. Alimtafuta mkewe kwa macho, pale alipochutama kando ya kitanda na bakuli la uji.

"Mwanne," alisema. Mbele ya watu siku zote alimwita Mama Tabu. "Wewe ndiye uliyezungumza na daktari. Niende nisiende?"

Maneno Mwanne alikuwa nayo yote, amepewa na kuyarudia mpaka yakakaa: akiharishwa atakufa haraka, akikaa atamwona mtoto. Mdomo wake ulifunguka. Lakini aliyaona maswali ya Bashiri yakimngojea nyuma ya maneno hayo. Kwa nini kuharisha ni hatari ikiwa ugonjwa ni maji? Maji yalijaaje? Chumvi iliingiaje kama ilikatazwa? Nani alikuwa anapika? Na Yahaya yuko palepale, anasikiliza, anamtazama kwa macho yale. Nani alimpa haki ya kufundisha jinsi ya kumponya mtu, yeye aliyemtilia munyu kwa kijiko na kumwongezea? Aibu ikamshinda.

"Mwenye ndugu ni yeye," Mwanne alisema, akalitazama bakuli. "Mimi ni mke tu."

Yahaya alimwangalia kidogo zaidi. Kisha akaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama mtu aliyepata jibu. "Haya, kaka. Twende."

Muuguzi alisema kama ni ridhaa yao hana la kuzuia. Mwanne hakuweza kupanda lori. Mimba ilikuwa imeshuka, na barabara ya Kondoa ingemzalisha njiani. Tena kota isingebaki wazi, maana nyapara angempa mtu. Walimpandisha Yahaya juu ya magunia, wakamzungushia blanketi la hospitali ambalo muuguzi alijifanya halioni. Lori lilipoanza kunguruma Mwanne alishika ubao wa nyuma, akatembea nalo hatua chache, akasema, "Baba Tabu!" Yahaya akainama asikie. Akamwambia ajifunike vizuri, vumbi ni jingi.

*

Bashiri alirudi peke yake. Mwanne alimwona akishuka kwenye treni ya Zuzu, blanketi limekunjwa kwapani, na hakuhitaji kuambiwa. Raheli alimpeleka ndani akamkalisha kitandani, wanawake wa kota wakaja wakalia naye mpaka sauti zikawakauka. Raheli alilia kuliko wote. Alikuwa hajui lolote, na Mwanne aliapa moyoni kwamba hatajua kamwe, angalau huyo mmoja aokoke.

Jioni watu walipopungua Bashiri aliomba kuzungumza naye. Alikaa juu ya kizingiti, naye Mwanne ndani, mkekani kando ya ukuta, miguu ameinyosha. Bashiri alikuwa amekonda. Ile sauti ya ng'ambo ya bonde haikuwepo.

"Fundi alimpa dawa asubuhi," alisema. "Maji yakashuka kweli, shemeji. Yalishuka sana. Adhuhuri akawa hanijui. Alasiri tukamfumba macho."

"Alihangaika?"

"Hakuhangaika." Akavuta majani ya mkeka, akayakata vipande. "Nikwambie jambo, maana silali. Pale Haneti tulisimama dereva atie maji kwenye lori. Yahaya alikuwa anahema vibaya. Mimi nikaogopa. Nikamwambia, mdogo wangu, tugeuze? Bado tuko karibu, nitamlipa dereva. Akasema hapana, tuendelee. Akasema, Mwanne amekaa na yule daktari siku zote hizi, amefundishwa kila kitu, haya mambo anayaelewa kuliko sisi. Kama kungekuwa na ubaya mimi kuondoka, angesema. Yule hawezi kuniacha niende."

Tabu aliingia akijikokota, akapanda kwenye mapaja ya mama yake, mahali palipobaki kando ya tumbo. Mwanne akamfunika kwa kanga.

"Basi tukaendelea," Bashiri alisema. Aliinua uso, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba kitu kwa mara ya kwanza katika maisha yake. "Ni kweli, au siyo, shemeji? Kama ingekuwa vibaya nimchukue, wewe ungesema?"

Nje genge la jioni lilikuwa linarudi, watu wanateremka kutoka kwenye kiberenge wakizungumza kwa sauti za chini kwa heshima ya msiba. Mwanne alimtazama yule mzee wa watu aliyembeba mdogo wake begani kwenda kumzika.

"Ndiyo, shemeji," alisema. "Ningesema."